Siku moja na bahari ya lita 300, Njiro

Saa 12:00 asubuhi. Julai ya Arusha haina utani. Kabla sijatoka kitandani hapa Sakina nampigia dada wa nyumba ile ya Njiro, ambako natunza tangi la maji ya bahari lenye samaki na matumbawe, na salamu zetu zimeshakuwa fupi: "Umeamkaje dada? Kipimajoto kinasoma ngapi?" Anajibu, "Ishirini na nne na nusu, kaka." Basi nachemsha chai kwa amani. Sebule yao usiku inapoa sana, na matumbawe yanataka maji ya nyuzi 25 au karibu na hapo. Ndiyo maana niliweka hita mbili za wati 150 badala ya moja ya wati 300. Hita ndogo ikigoma kuzima haina nguvu ya kuchemsha tangi zima, na ikifa kabisa mwenzake anavusha usiku.

Mtaani naitwa Fundi Samaki, ingawa muda mwingi ninachoshika ni ndoo.

Saa 2:00. Bodaboda inanishusha getini. Ndani nanawa mikono hadi viwikoni kwa maji matupu. Sabuni, losheni, dawa ya mbu, vyote marufuku. Shaba nayo haikaribii maji yale, iwe kiungo cha bomba au dawa ya samaki, kwa sababu kiasi kidogo tu kinamaliza kamba na konokono.

Halafu navuta kiti, nakaa. Mwanzoni wenye nyumba walidhani nategea. Lakini hapa ndipo ninapopata habari nyingi kuliko kwenye vipimo vyote. Konokono wako wapi? Matumbawe laini yamefunguka? Samaki wanapumuaje? Hilo la mwisho lina uzito huku kwetu. Tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko pwani, na maji nayo yanashika oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo pampu ya mawimbi nimeielekeza juu ili uso wa maji utikisike muda wote. Ukimwona samaki anahema kwa haraka karibu na uso, usingoje kesho.

Leo wale wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wako kwenye kona yao, wanafukuza kila mtu. Kundi moja la zoantidi, viumbe laini jamaa wa matumbawe, limejifunga. Silisogezi bila glavu na miwani: baadhi ya jamii hiyo wana palitoksini, sumu kali mno. Jiwe lenye viumbe hao halichemshwi kamwe, mvuke wake umewahi kulaza watu hospitali.

Saa 3:30. Sasa maji. Kila mtu Arusha anajua habari ya floraidi, kwa kuwa meno ya kahawia tunayaona. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, na visima vingi huku vinapita kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita. Cha ajabu, maji ya bahari yenyewe yana kama miligramu 1.3. Shida iko kwingine. Tangi linakausha maji kila siku na kinachoruka ni maji matupu, chumvi inabaki. Kwa hiyo kila siku unaongeza maji yasiyo na chumvi, jambo ambalo wageni wa nyumba ile hawakubaliani nalo hata uwaeleze vipi. Ukiongeza ya bomba, kila kilichoyeyuka ndani yake kinabaki pia na kurundikana: floraidi, silika, fosfeti. Baada ya muda una uji wa mwani wa kahawia kwenye vioo.

Dawa ni mtambo wa osmosisi, unaosukuma maji kwenye utando unaozuia vilivyoyeyuka, wenye chujio la resini mwishoni, na kipimo cha vilivyoyeyuka kisome 0. Maji machafu yanayotoka pembeni dada anapigia deki na kumwagia chooni. Hayapikiwi wala ng'ombe hapewi, kwa kuwa floraidi imekolea humo.

Chumvi nilichanganya jana: unamwaga chumvi kwenye maji, si maji kwenye chumvi, na pampu inazungusha usiku kucha. Jirani aliwahi kuuliza kwa nini nisinunue tu chumvi ya mawe Soko Kuu. Chumvi ya jikoni karibu yote ni sodiamu na kloridi. Tumbawe linajenga mifupa kwa kalsiamu, na bila magnesiamu ya kutosha hesabu yote inavurugika. Maji ya Tanga kwenye madumu yangefaa, yakichotwa mbali na bandari na midomo ya mito, ila ni zaidi ya kilometa 400 na lita moja ni kilo moja. Piga hesabu ya nauli mwenyewe.

Refraktomita, kipimo cha chumvi, inasema 35, yaani gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Natoa lita 30, naingiza lita 30.

Saa 7:00 mchana. Makande na parachichi.

Saa 8:00. Kupima ukali wa alkali, yaani akiba ya kabonati ambayo matumbawe hujengea mifupa: unadondosha tone moja moja hadi rangi igeuke. Inatoka 7.4 kwa kipimo cha dKH, na ninaipenda karibu na 8. Matumbawe yanakua, yanakula. Naandaa maji ya chokaa safi, gramu moja na nusu kwa lita, yadondoke polepole usiku, wakati mwani ulio ndani ya matumbawe umelala na pH inashuka. Ukiyamwaga kwa pupa umeua. Huwa nacheka peke yangu hapa: pwani wazee walichoma matumbawe wapate chokaa ya kujengea, mimi nanunua chokaa kuyalisha.

Saa 10:00. Umeme unakatika. Pampu inasimama, na maji ya juu yanashuka kwenye tangi la pili lililo chini yake hadi kwenye alama niliyoichora, yanasimama. Nawasha pampu ya hewa ya betri, nazungushia tangi blanketi pande tatu, na chakula cha jioni nakifuta. Samaki mwenye njaa ni bora kuliko samaki mwenye shibe kwenye maji yasiyo na hewa. Umeme unarudi kabla ya giza.

Saa 12:00 jioni. Mwenye nyumba anaingia. "Shikamoo mzee." "Marahaba fundi. Hebu mtazame huyu." Kwenye simu kuna kangaja wa bluu mwenye mkia wa njano.

"Huyu anafika sentimeta 30, mzee, na anaogelea kutwa."

"Si atabaki mdogo kulingana na tangi?"

"Habaki mdogo. Anadhoofika."

Anafikiri kidogo. "Basi tuweke tangi la lita 800."

Hayo ni zaidi ya kilo 800 kabla hujaweka mawe na vioo. Namuuliza zege la sakafu ya sebule lina unene gani. Anatoka nje kumpigia simu fundi aliyeijenga.