Nahodha wa Wete katika mfereji wa Llangollen

Baba alikuwa nahodha wa majahazi tangu ujana wake mpaka mgongo ulipomkatalia. Njia yake ilikuwa Wete kwetu Pemba, Tanga, Mombasa, na kurudi. Alibeba boriti, alibeba chumvi, na kuna misimu alibeba karafuu ambazo hadi leo hapendi kuulizwa zilikuwa zinakwenda wapi. Alipokuja kututembelea Coventry tulidhani baridi ndiyo itakayomshinda. Baridi aliizoea. Kilichomshinda ni salamu.

Kila asubuhi alivaa koti na kofia yake, akasimama nje ya mlango wetu, akamwamkia kila aliyepita. "Gudi moningi, sa!" Wengine walijibu wakiwa wameshapita. Wengi walikaza mwendo. Mmoja alimwambia kwa adabu kwamba leo hanunui kitu. Baba akaingia ndani akaniuliza, "Mwanangu, hawa wamegombana na nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa mtaa ule muda mrefu kiasi cha kutoona tena kinachokosekana. Jirani wa kulia nilimjua kwa mlio wa mlango wake tu.

Mume wangu ndiye aliyesema mzee tumpeleke kwenye maji.

Bahari iko mbali na Coventry kuliko na mji karibu wowote wa Uingereza, lakini mifereji haiko mbali. Nchi hii ilichimbwa mifereji kabla ya reli, kwa ajili ya makaa ya mawe, chokaa, chuma na vyombo vya udongo, na zaidi ya kilomita 3,000 bado zinapitika. Mizigo ilihamia kwenye reli na malori zamani. Sasa wanaopita ni wastaafu, watu walioamua kuishi majini kabisa, na watu wa likizo kama sisi, wanaokodi boti kwa wiki. Tulichagua mfereji wa Llangollen, unaotoka Cheshire hadi ndani ya Wales, kwa sababu kila tuliyemuuliza alisema ndio mzuri kuliko yote. Wakati huo sikujua kwamba watu wa mifereji husema hivyo kuhusu mfereji wowote waliolala juzi.

Baba alipoiona boti alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa ya chuma, urefu wake kama mita 17 na upana mita 2 na kidogo. Boti nyembamba kama hizi zina upana huo huo nchi nzima, maana malango ya kupandisha na kushusha vyombo kwenye mifereji myembamba yalijengwa hivyo na vyombo vikafuata. "Hiki si chombo," alisema. "Huu ni ushoroba unaoelea." Ubavuni ilichorwa mawaridi na ngome kwa rangi kali, pambo la kale la mabaharia wa mifereji, na hilo alilipenda, maana kwake jahazi lisilo na nakshi ni la mtu asiye na mke.

Kijana wa yadi alitufundisha kwa muda usiofika saa moja. Injini huwashwa hivi, maji ya kunywa hujazwa hapa, choo usitie kitu hiki. Leseni haitakiwi. Baba akanituma niulize nahodha ni nani. Kijana akajibu, yeyote anayependa. Baba alinyamaza, na kwake hiyo ni dalili mbaya.

Lakini aliposhika kana, hata mimi ambaye nimemwona maisha yangu yote nilistaajabu. Boti hizi hazina gurudumu. Unasimama tezi, yaani nyuma, unashika mkono wa usukani, unausukuma kushoto ili omo, yaani mbele ya chombo, iende kulia. Mume wangu, dereva mzuri wa gari, alituingiza kwenye matete mara kwa mara. Baba alisimama kama hakuwahi kushuka, macho yake mbali, mkono mmoja nyuma. Kitu pekee kilichomsumbua ni mwendo. Sheria hairuhusu zaidi ya kilomita 6 na nusu hivi kwa saa, na ukiipita boti iliyofungwa ukingoni unapunguza mpaka karibu usimame, la sivyo mwenyewe anatokeza kichwa dirishani na kikombe cha chai mkononi kukukumbusha. Mama mmoja aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto kwenye njia ya ukingoni alitukuta, akatupita, akageuka akatupungia mkono.

Na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Yule mama alisema, "Siku nzuri kwa boti!" Baba akanitazama. Likafuata boti lililokuwa likitoka juu, mzee mwenye ndevu na mbwa amekaa juu ya paa, naye akasalimu, akauliza tumetoka wapi, tunalala wapi, akatuambia Grindley Brook kuna foleni na kwamba mti umeanguka baada ya daraja fulani, tubane kulia. Yote hayo kwa muda wa boti mbili kupishana, na kwa mwendo ule ni muda wa kutosha kumaliza hadi habari za mbwa. Baada yake wakaja wengine na wengine. Hakuna aliyepita kimya. Baba alijibu wote, kwa Kiingereza chake cha bandarini Mombasa, na alipokosa neno aliongeza Kiswahili na hakuna aliyelalamika. Baharini, alinieleza, majahazi mawili yakikutana ni lazima yapeane habari: upepo, mwamba mpya, nani kafa. "Hawa ni watu wa chombo," alisema, na tangu hapo hakuwaita tena Waingereza.

Wavuvi tu ndio waliomkatalia. Kwenye mifereji ile kuna wavuvi wanaokaa juu ya viti vyao vyenye visanduku, wameshika fimbo ndefu ajabu, ambayo imevuka mfereji mzima hadi ukingo wa pili. Boti linakuja, fimbo haiondoki. Linakaribia, haiondoki. Omo ikiwa hatua chache tu, mvuvi anairudisha nyuma taratibu, boti linapita, na fimbo inarudi pale pale. Macho hayainuki. Baba aliwasalimu mmoja mmoja, kwa sauti iliyozidi kupanda, na hakupata hata kikohozi. Karibu na Ellesmere kulikuwa na mmoja mwenye kofia ya kijani ambaye baba alimwamkia mara tatu, mbele, ubavuni, na kwa nyuma. Hola.

Mwanangu, aliyekuwa na umri wa kuchukia kila safari ya wazazi, aliitia simu yake mfukoni tulipofika Wrenbury. Pale kuna daraja la barabara linaloinuka. Mtu wa boti anashuka na ufunguo maalumu, anabonyeza, taa zinawaka, vizuizi vinashuka, na barabara nzima inasimama. Alisimamisha trekta, gari la mkate na foleni ya magari madogo. Madereva walizima injini, wawili wakatoka nje kututazama tukipita kwa mwendo wa bata, bila honi hata moja. Kijana wa miaka 14 hapewi madaraka kama hayo mahali pengine. Babu yake alimpigia saluti.

Loki nazo alizichukua yeye na baba yake. Unaingiza boti kwenye chumba cha mawe, unafunga lango nyuma, unazungusha mkono wa chuma kufungua vilango vidogo vya mbele, maji yanaingia, na chombo kinapanda mlima. Grindley Brook zipo loki tatu moja moja, kisha tatu nyingine zimeunganishwa kama ngazi, lango la juu la moja ndilo la chini la inayofuata, na hapo husimama wasimamizi kuamua nani anapanda na nani anasubiri ashuke. Tulisubiri sana, na kungoja huko ndiko kulikokuwa na raha. Watu walisaidiana kusukuma malango kwa makalio, wasiojuana kabisa, wakibishana juu ya keki ya nani. Mimi nilipika pilau.

Harufu ya pilau katika ushoroba wa chuma haina pa kwenda ila nje. Bwana wa boti la nyuma yetu alikuja mpaka ubavuni akasimama, akauliza kwa haya kilichokuwa jikoni ni nini. Nikampakulia sahani, na kachumbari pembeni. Jioni sahani ikarudi imejaa matunda meusi ya porini yanayoota kwenye miiba ya ukingoni. Baba aliitazama ile sahani muda. "Huyu kalelewa," alisema.

Swala ndiyo iliyotutatiza kidogo, maana mfereji unajipinda na kibla kinahama na kila kona. Tulifunga boti kwanza, kisha tukatafuta upande wa kusini mashariki. Kama boti limelala vibaya, jamaa ya watu wanne haikai safu. Tulijipanga nyuma ya baba mmoja mmoja, wa mwisho akiwa nusu chooni.

Kuelekea Wales baba akaanza kuulizauliza maji. Kila tulipopita chini ya daraja, mahali mfereji unapobanwa, boti lilisita. Mume wangu alidhani plastiki imejizungusha kwenye rafadha. Baba alisema hapana, huu ni mkondo. Nikamwambia mifereji haina mkondo, ni maji ya kusimama. Akatupa jani, likarudi nyuma yetu.

Msimamizi wa loki za New Marton ndiye aliyemaliza ubishi. Mfereji huu, alisema, si kama mingine. Maji yake yanatoka mto Dee, juu ya Llangollen, na yanatiririka njia nzima mpaka bwawa la Hurleston huko Cheshire, yakawe maji ya kunywa. Ndiyo yaliyouokoa. Mwaka 1944 sheria iliufuta kuwa njia ya vyombo, na ungefukiwa kama mingine ilivyofukiwa, ila maji yalihitajika, basi ukabaki. Baba hakusema nilikwambia. Aliomba tu kuoneshwa yanapoanzia.

Chirk mfereji unavuka bonde juu ya daraja la mawe la mwaka 1801, na katikati yake unatoka England unaingia Wales, reli ikiwa juu zaidi pembeni yako. Ukimaliza daraja unaingia handaki moja kwa moja, giza, upana wa boti moja, na mkondo wote usoni. Baba alisoma nyuradi zote anazozijua.

Nyuradi zingine zilibidi zirudiwe Pontcysyllte. Nilishaziona picha, hazisaidii. Ni sanduku refu la chuma lililojaa maji, mita 307, limelazwa juu ya nguzo za mawe, na mto Dee uko mita 38 chini. Thomas Telford na William Jessop walilikamilisha mwaka 1805, na tangu 2009 limo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Upande mmoja kuna njia ya watu na vyuma vya kushikia. Upande wa pili hakuna kitu. Ukingo wa chuma uko chini ya magoti yako, kisha hewa. Kabla ya kuingia baba aliniita, akanipa kana. "Shika wewe. Mimi nataka kutazama." Wete sikuwahi kuruhusiwa hata kukaa karibu nayo. Kuongoza pale si kazi, sanduku lenyewe linakupeleka, lakini mikono yangu haikuwa na habari hiyo.

Mwanangu alikuwa amesoma kwenye simu, na akamsimulia babu yake inavyosemwa: kwamba maungio ya chuma yalizibwa kwa kitambaa cha sufu kilichochemshwa na sukari, na kwamba kwenye chokaa ya nguzo ilitiwa damu ya ng'ombe. Mimi nilidhani ni hadithi za watalii. Baba hakushangaa hata kidogo. Maisha yake yote amekalafati mbao kwa pamba na mafuta, amepaka deheni ya chokaa na shahamu chini ya jahazi. Aliinama akaukagua ule mshono wa chuma. "Fundi alikuwa mtu wa pwani," alisema, na tulipomwambia Telford alitoka Scotland akasema Scotland nayo ina pwani.

Karibu na Llangollen mfereji umekatwa kwenye mwamba, mwembamba kiasi kwamba boti mbili hazipishani. Mtu wa mbele hutumwa kwa miguu kuangalia kama kuna anayekuja. Baba alijitolea. Alikwenda akakawia, tukaanza kuogopa, kumbe amekutana na mtu wa boti la upande wa pili naye katumwa vilevile, na wawili wale walikuwa wamekaa ukingoni wakizungumza huku maboti yao yote mawili yakingoja.

Kupita mji ule boti za injini haziendi. Zinazokwenda ni zile za watalii zinazovutwa na farasi, kama zilivyofanya tangu 1884. Tulitembea nyuma yake mpaka mwisho, ambapo Telford alijenga ukingo uliopinda kama nusu duara kuuzuia mto, na maji yanateremka juu yake laini huku mengine yakijiingiza pembeni, kwenye mlango mdogo, kuanza safari ya Hurleston. Baba alivua viatu, akatawadha.

Kurudi tulikwenda na mkondo, na baba alituhesabia kila daraja faida tuliyopata. Loki za kushuka alizisimamia mwenyewe, maana ndani yake kuna kizingiti cha jiwe nyuma, na tezi ikikikalia maji yakipungua, boti linaning'inia na kuzama kwa omo. Alimfokea mkwewe kwa Kiswahili mbele ya watu wote wa Grindley Brook, na wote walielewa.

Ellesmere yule mwenye kofia ya kijani alikuwepo, pale pale au karibu na pale. Fimbo imevuka mfereji. Baba alinisogeza, akashika kana, akapunguza mwendo mpaka injini ikawa inanong'ona. Fimbo ikarudishwa. "Gudi moningi, sa," alisema baba, safari hii kwa sauti ya chini, kama anayemwamkia mtu msikitini.

Yule bwana hakuinua macho. Lakini kofia iliinama, kidogo, na kitu kikamtoka kooni.

"Huyo mmoja nimempata," alisema baba, na akaongeza mafuta.