Ijumaa ile gavana aliporuhusu gofu Minnesota

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye uwanja wa gofu huwa wanafikiria nabeba begi za wachezaji, ama nakata nyasi tu basi, na mimi kila mara naanza kueleza upya kwamba kuna taaluma nzima pale nyuma. Kuna watu wanaitwa masupritendenti wa viwanja vya gofu, yaani wasimamizi wa nyasi na uwanja wote, chama chao cha kitaifa hapa Marekani kiko tangu 1926 na makao makuu yako Lawrence, Kansas, wana madaraja, wana pointi za masomo ambazo lazima uzikusanye ndo ubaki kwenye daraja lako, na mtu anaweza kwenda chuo kikuu miaka 4 akasoma udongo, maji, magonjwa ya nyasi na dawa zake mpaka akahitimu. Mimi mwenyewe nilikua sijaelewa vizuri hiyo elimu yote ni ya nini mpaka Ijumaa ya tarehe 17 Aprili 2020.

Amri ya kukaa nyumbani kwa sababu ya korona ilikua imeanza mwisho wa Machi, gavana wetu Tim Walz alitangaza na viwanja vya gofu vikafungwa kama sehemu zingine za starehe. Kwetu walibaki watu wachache wa kazi za lazima tu, kwa sababu nyasi haina habari na korona. Ile nyasi ya kwenye grini, yaani sehemu laini yenye shimo na bendera, tunaikata mpaka inabaki kama milimita 3 hivi kutoka ardhini, na kanuni ni kwamba usiondoe zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mkupuo mmoja, sasa ukiiacha ikue wiki nzima huwezi kurudi siku moja ukaishusha pale ilipokua, utaiumiza, itageuka manjano na magonjwa yataingia. Na kule baridi ikiisha ndo unaona ukungu wa theluji, ile kuvu inayoshambulia nyasi chini ya theluji, umeacha viraka vya kijivu na pinki kila mahali, lazima mtu avishughulikie. Alafu Jumapili ya Pasaka, tarehe 12, theluji ikatushukia tena, tukaanza upya kusubiri ardhi ikauke.

Wakati huo nilikua naishi na dada yangu Brooklyn Park, karibu na Minneapolis, na wanaoijua Brooklyn Park wanajua Wakenya tulivyo wengi pale na wangapi kati yetu wanafanya kazi kwenye nyumba za wazee. Dada yangu alikua mmoja wao, msaidizi wa wauguzi. Nyumba za wazee ndo zilikua zinaumia kuliko sehemu yoyote ya jimbo mwezi ule, alikua akirudi anavua viatu nje, nguo moja kwa moja kwenye mashine, anaoga ndo anasalimia mtu. Kwa hiyo mimi hiyo miongozo ya jimbo sikua naisoma kama karatasi za serikali, nilikua naisoma kama mtu ambaye akifanya mchezo kazini anaweza kumletea dada yake kitu, na dada akampelekea bibi wa watu wa miaka 90.

Sasa hiyo Ijumaa tuko karakana, kila mtu kwenye kona yake, bosi wangu supritendenti akatoka ofisini na simu mkononi akasema imetoka, amri namba 20-38, gofu inaruhusiwa kesho kuanzia saa 11 alfajiri. Kesho! Watu walipiga makofi, mimi pia nilifurahi, lakini bosi hakukaa kwenye furaha hata dakika moja, akachapisha karatasi za miongozo, akatuita wote uani, kila mmoja asimame karibu na mashine yake mwenyewe mbali na mwenzake, akaanza kusoma kipengele kimoja kimoja. Na alikua hasomi tu, kila kipengele anauliza kwa nini, mnafikiri hii imewekwa kwa nini, alafu anangoja mtu ajibu.

Reki za kwenye mabanka, yale mashimo ya mchanga, zote zitolewe, kwa sababu kila mchezaji anaishika reki ile ile. Mashine za kuoshea mipira zitolewe au zifungwe. Madumu ya maji ya kunywa, mabenchi, vikapu, vyote viondoke. Bendera zibaki kwenye shimo na mtu asiziguse. Hapo kwenye bendera ndo palituchukua muda, kwa sababu kama bendera haiguswi na mpira umetumbukia chini kabisa ya shimo, mchezaji atautoaje bila kushika ule mti na bila kuingiza mkono ndani? Viwanja vingine walikua wanakiinua kile kikombe cha shimo kitokeze juu ya ardhi, mpira ukikigonga wanahesabu umeingia. Bosi akakataa hiyo, akasema alfajiri mashine ya grini inapita juu ya shimo, visu vikikutana na kikombe kilichotokeza tumeharibu mashine na grini pamoja, na nani atazunguka kushusha na kupandisha vikombe vyote kila siku na wafanyakazi tuko nusu.

Tukatumia sponji. Zile bomba ndefu za sponji za rangi rangi watoto wanazoelea nazo kwenye swimingi puli. Mwenzetu mmoja alitumwa dukani akarudi na rundo, tukawa tunazikata vipande kwa kisu. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, na sponji ina tundu katikati, unaipasua upande, unaivisha kwenye mti wa bendera, unaisukuma ndani. Ikiwa ndefu sana mpira unaruka nje, ikiwa fupi sana vidole havifiki. Nilikaa na mpira na kipande cha sponji kwenye shimo la grini ya mazoezi, nakata, napima, nakata tena, mpaka mpira ukawa unakaa chini kidogo tu ya mdomo wa shimo, unauchukua na vidole viwili na mti hujaugusa kabisa. Bosi akaja akajaribu na vidole vyake, akainama akaangalia kama mashine itapita bila kukwaruza, akasema kata zote hivo hivo.

Lakini kitu chenyewe nilichotaka kusimulia ni cha dawa.

Miongozo ilitaka usukani wa kila mashine na kila kigari cha kubebea wachezaji usafishwe na dawa ya kuua virusi kati ya mtu na mtu. Klabu ilikua imepata dawa kwa shida, mnakumbuka dukani hakukua na kitu. Bosi akaweka chupa juu ya meza akauliza, kabla hujaifungua unafanya nini. Kimya. Nikasema, unasoma lebo. Kwa sababu baridi ile nilikua nimeshaanza kusomea leseni ya jimbo ya kupiga dawa, na kitu ambacho vile vitabu vinarudia kila ukurasa ni kwamba lebo ni sheria, ukitumia dawa kinyume na lebo umevunja sheria ya nchi, iwe dawa ya magugu iwe dawa ya kuvu. Bosi akasema haya soma. Nikaisoma kwa sauti. Ina namba ya usajili ya EPA, lile shirika la serikali la mazingira, namba ya namna ile ile iliyoko kwenye madumu ya ghalani kwetu, kwa sababu kisheria dawa ya kuua virusi kwenye vitu inasajiliwa kwenye kundi moja na dawa za kuua wadudu na magugu. Akachukua simu akaitafuta ile namba kwenye orodha ambayo EPA walikua wametoa Machi ya dawa za kutumia dhidi ya korona, akaiona ipo. Akasema endelea. Nikafika pale panaposema sehemu unayopuliza lazima ibaki mbichi kwa dakika 10.

Dakika 10, akarudia. Alafu akatuangalia. Maana yake mtu anayepuliza na kupangusa hapo hapo hajaua kitu, amefuta vumbi tu.

Na hapo ndo nilimuona anavofikiri mtu aliyesoma. Palepale akaanza hesabu, kigari kikirudi kinapulizwa, kinakaa dakika 10, kinapanguswa, kinakauka, mtu mmoja tu kwa kila kigari kwa hiyo vinahitajika mara mbili ya kawaida, akatembea mpaka kwa watu wa mapokezi kuwaambia wasiruhusu makundi yakaribiane, waongeze nafasi kati ya kundi na kundi. Alafu dakika chache baadae akabadilisha mawazo kabisa, akarudi akasema kesho hakuna vigari. Wote kwa miguu. Theluji ya Pasaka ilikua imeyeyuka juzi tu, ardhi imelowa, na vigari vikiwa mara mbili kwenye udongo uliolowa vitaugandamiza, hewa haifiki kwenye mizizi, na majeraha yake tutayaona Julai joto likipanda. Karatasi za miongozo zilizungumzia virusi, hazikusema kitu kuhusu udongo, na ni kazi ya supritendenti kushika yote mawili kwa wakati mmoja. Naheshimu sana ule uamuzi mpaka leo, kwa sababu vigari ni pesa na klabu ilikua haijaingiza shilingi mwezi mzima.

Jioni wakati tunafunga, akaniita kwenye ghala la dawa, akafungua kabati la vifaa vya kujikinga akatoa boksi la barakoa za N95, zile tunazovaa wakati wa kushughulika na dawa. Akaacha chache za kazi, lililobaki akaniambia mpelekee dada yako kazini kwake. Sikua hata nimemuomba. Nilimpigia dada nikiwa kwenye gari, akanyamaza kwanza, alafu akasema kaka, hizo umezitoa wapi, sisi huku tunavaa moja wiki nzima tunaihifadhi kwenye mfuko wa karatasi. Usiku ule ule nikapitia pale nikaziacha mlangoni, alikuja kuzichukua amevaa gauni la plastiki, tukapungiana mikono kupitia kioo.

Jumamosi alfajiri tulianza gizani na taa za mashine, kila mtu na mashine yake na vifaa vyake peke yake, na jua halijatoka magari yameshajaa nje. Walikuja watu wengi sana, wengine walilalamika kuhusu vigari, mmoja alimfuata bosi akamwambia jimbo limeruhusu wewe ni nani ukatae, na bosi akasimama mbali naye akamueleza habari ya udongo kwa utaratibu mpaka yule mzee akaondoka anasukuma begi lake kwa miguu. Sponji zilikaa vizuri. Vyumba vya ndani vilibaki vimefungwa, watu walicheza wakarudi kwenye magari yao wakaenda.

Baridi iliyofuata nikaanza darasa rasmi, ile shule ya mtandaoni ya majira ya baridi ambayo maprofesa wa vyuo vikuu vya Minnesota na Wisconsin wanafundisha watu wa nyasi. Mkutano mkubwa wa kitaifa wa masupritendenti wa Februari 2021 ulikua umehamia mtandaoni kwa sababu ya korona, kwa hiyo bajeti ya ndege na hoteli ya bosi ilibaki haijaguswa, na yeye akaenda kwa kamati ya klabu akaomba wailipie shule hiyo kwa ajili yangu. Walikubali. Leseni ya dawa niliipata pia, kitengo A ambacho ni cha msingi na kitengo E cha nyasi na mapambo, mitihani ilipofunguliwa tena. Kama uko huku Minnesota na unafikiria kuingia kwenye hii kazi, viwanja vinaanza kutafuta watu mwisho wa Machi, ingia kama mkata nyasi wa msimu, na siku ya kwanza muulize supritendenti kama klabu inasaidia kulipia masomo, kwa sababu wengine pesa hiyo wanayo na hakuna anayeiomba.