Kaa, Umeshabebwa

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii tafakari imetoka juu ya miti kweli kweli, maana safarini nimepita kwenye msitu wa mvua kwa ziplaini, ule waya wa chuma unaofungwa toka mti huu mpaka mti ule, unavalishwa mikanda ya kiunoni na mapajani, unaning'inizwa kwenye kapi, kile kigurudumu kinachopita juu ya waya, alafu unaachiwa uteleze. Jamani raha yake! Kapi inalia masikioni, upepo usoni, majani yanakupita huku na huku, chini huoni hata udongo, unapiga kelele bila kujijua na moyoni ni sifa tupu.

Na huko juu ni dunia nyingine. Miti inafika mita 30, 40 na zaidi, vilele vinakamata jua karibu lote, chini kabisa inashuka kama asilimia 2 tu ya mwanga, kwa hiyo viumbe wengi makao yao ni huko huko juu, maua ya okidi yanaota kwenye matawi bila kugusa ardhi, mimea mingine inakinga maji ya mvua kwenye majani yake na vyura wanakulia humo. Mwanabiolojia Donald Perry alikuwa akipanda kwa kamba huko Costa Rica miaka ya 1970 ili ayaone haya kwa karibu, watalii tumekuja baadaye sana. Yaani muda wote huo Mungu alikuwa anatunza bustani ambayo wengi wetu hatukujua hata kama ipo. "Miti ya BWANA nayo imeshiba", Zaburi 104:16.

Ila kilichonigusa zaidi ni pale jukwaani kabla ya kuachiwa. Mhudumu alikuwa anamrudia kila mtu neno moja, kaa. Kaa kwenye mikanda. Maana karibu kila mgeni anang'ang'ania kwa mikono, mabega yamekakamaa, anadhani akilegeza tu ameanguka, kumbe mikono haijabeba kitu, uzito wote uko kwenye mikanda na mikanda iko kwenye waya. Aliyetulia na aliyekakamaa wanabebwa sawasawa, sema huyu wa pili anafika mikono inauma na hajaona hata ndege mmoja. Kumbukumbu la Torati 33:27 inasema "mikono ya milele i chini yako". Chini yako! Wengi tumeokoka kweli, tumeshafungwa kwenye waya, ila usiku hatulali tukidhani sisi ndio tumeshikilia ndoa, watoto, ugonjwa wa mama, visianguke. Na sisemi kuogopa ni dhambi, mwili unaogopa kimo na ni haki yake, waya unambeba hata anayetetemeka.

Alafu kuna wanaokwama. Ukifunga breki mapema, au ukiwa mwepesi sana, unaishia katikati pale waya ulipobonyea, mbele huendi. Hakuna anayekukemea toka ng'ambo, mhudumu anajifunga kwenye waya ule ule, anakufuata, anakuvuta taratibu mpaka jukwaani. Petro alipoanza kuzama, soma Mathayo 14:31, mara Yesu akanyosha mkono akamshika, ndipo akamuuliza mbona uliona shaka. Mkono ulitangulia, swali likamkuta ameshashikwa.