Jumamosi ya Kusikiliza Watoto wa Watu Wakibishana

Ujumbe wa mwalimu uliingia Jumatano usiku kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Buruburu: "Jamani, Jumamosi tuna mashindano ya mdahalo na majaji hawatoshi. Si lazima uwe umesomea. Ukiwa na masikio na kalamu, njoo. Chai na chakula vipo." Nilishawahi kwenda, kwa hiyo nilijua kwamba chakula ni wali na ndengu, na kwamba saa mbili asubuhi maana yake ni saa tatu na nusu. Nikaandika "Nipo." Watu kadhaa wakanipongeza kwa vidole gumba, na hakuna hata mmoja aliyejitolea. Ndio mtaa wetu huo.

Hesabu ya majaji haina huruma. Vikosi 16 vinahitaji vyumba 8, na kila chumba kinataka majaji watatu ili kura zisifungane. Hao ni watu 24 kwa mpigo, na mwalimu haruhusiwi kuamua raundi ya shule yake. Ndipo tunapotafutwa sisi majaji wa jamii: wazazi, wanafunzi wa chuo waliowahi kushindana, mawakili wenye nafasi, na mama mmoja anayeshughulikia madai ya bima katikati ya jiji, ambaye wiki nzima husoma jinsi magari mawili yalivyogongana huku kila dereva akiapa kwamba yeye alikuwa amesimama.

Lakini si uhaba tu unaotuleta. Marekani, ambako chama cha taifa cha mashindano haya kilianza mwaka 1925, wanafunzi wa mdahalo wa sera walifika mahali pa kusoma hoja kwa kasi ya maneno zaidi ya 300 kwa dakika, na wa kuwafuata akabaki yule tu aliyepitia mafunzo yaleyale. Mwaka 2002 kikaanzishwa kitengo kingine, Public Forum, makusudi ili mtu wa kawaida aketi, asikilize na aamue. Naona walifanya la maana. Hawa watoto kesho watakuwa mbele ya kamati ya harambee, bodi ya shule, mkutano wa chifu. Huko hakuna mtaalamu wa mdahalo.

Sisi tulitumia mtindo wa World Schools. Kila upande una wasemaji watatu, kila mmoja dakika nane, halafu hotuba ya majibu ya dakika nne ambayo ni marufuku kuingiza hoja mpya. Dakika ya kwanza ikiisha, mpaka ya saba, mpinzani anaweza kusimama kuomba kuuliza. Msemaji ndiye anayeamua kumruhusu au kumkalisha. Alama za msemaji huanzia 60 hadi 80, na 70 ndiyo ya wastani. Katika mia, maudhui huchukua 40, uzungumzaji 40, mkakati 20. Majaji hawashauriani mpaka kila mmoja awe amejaza karatasi yake. Na kuna agizo lililo juu ya yote: uwe kama mwananchi mwenye akili timamu anayefuatilia habari, asiye mtaalamu wa mada wala hajaamua kabla ya kusikia.

Agizo hilo ndilo gumu hapa Nairobi. Wengi wa rika langu tulivishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani, na hadi leo tukisikia Kiingereza cha bei ghali tunakaa wima. Ndiyo maana mimi huingia chumbani na karatasi iliyokunjwa safu kwa safu, kalamu ya buluu kwa wanaounga mkono na nyekundu kwa wanaopinga. Kila hoja naiandika kwa maneno machache. Mwenzake akiijibu, navuta mshale. Alama za uzungumzaji najaza mwisho kabisa, baada ya kuhesabu mishale iliyofika na ile iliyoning'inia hewani.

Raundi ya asubuhi ilikuwa ya Kiingereza: mitandao ya kijamii ipigwe marufuku kwa walio chini ya miaka 16. Msemaji wa kwanza aliongea kama anasoma taarifa ya habari, mkono mmoja mfukoni. Dakika ya tatu binti wa upande wa pili akasimama, Kiingereza chake kikiwa na lafudhi yote ya kwao, akamuuliza: kampuni itajuaje umri wa mtoto bila kukusanya vitambulisho vya kila mtu, watu wazima pia? Kijana akatabasamu, akasema atalifikia hilo. Hakulifikia. Hata mwenzake wa tatu hakulifikia. Mshale ulibaki pale kwenye karatasi yangu, mwekundu, bila kitu mbele yake.

Wakati wa chai mama wa yule kijana akanijia.

"Madam, samahani, wewe ndiwe ulikuwa chumba kile cha juu? Kijana wangu ndiye alianza kusema. Nimeona amepewa 68."

"Ndiyo, mama. Anazungumza vizuri sana."

"Sasa?"

"Aliulizwa swali, akasema atalijibu, na hakulijibu."

"Kwani swali moja ndilo linakula alama zote hizo?"

"Kwa raundi ile, swali hilo ndilo lilikuwa raundi yenyewe."

Akamgeukia mwanawe, nadhani akitarajia amsaidie kuteta. Yule kijana, mdomo umejaa mandazi, akasema, "Mum, ni ukweli. Nililisahau." Nilimpenda hapo hapo.

Alasiri tulihamia Kiswahili, na huko maradhi ni mengine. "Mwenyekiti mwenye hekima, majaji msio na mapendeleo, mtunza saa mwaminifu, wapinzani wangu mliokosa mwelekeo, hadhira tukufu, hamjambo na hongera!" Sekunde zinakwenda. Halafu methali tatu mfululizo, halafu msamiati uliokaririwa usiku uliopita, ambao hata msemaji mwenyewe anaupita kwa tahadhari. Walimu wanawafunza hivyo, na baadhi ya majaji wanawapa alama hivyo, kwa hiyo siwalaumu watoto. Lakini kubishana kwa Kiswahili ni jambo la zamani sana, na halikuwa pambo. Washairi wa Mombasa na Lamu, enzi za Muyaka bin Haji mwanzoni mwa karne ya 19, walirushiana mashairi ya vita na siasa, na shairi lisilomgusa aliyetangulia halikuwa jibu la mtu. Hawa wetu wanapanda jukwaani na shairi lililotungwa nyumbani, mpinzani aseme atakalosema.

Kisha ikaja raundi ambayo bado naiwaza. Mada: "Bunge hili lingefuta shule za bweni." Mimi nina mtoto bwenini. Niliandika hilo juu ya karatasi yangu, kwenye kona, kwa herufi ndogo, ili nilione kila nikitazama.

Msemaji wa kwanza wa upande wa kufuta alianza na moto. Alitaja shule ya Kyanguli, wavulana 67 walioteketea bwenini, akasema ilikuwa 1998. Mwaka huo si wenyewe: 1998 ni Bombolulu, wasichana 26, Kyanguli ni Machi 2001. Wapinzani hawakumsahihisha nami sikuwa na ruhusa ya kufungua mdomo. Isitoshe, kukosea mwaka hakukupunguza hoja yake. Akaendelea hadi Endarasha, Septemba 2024, wavulana 21. Akauliza, "Tungojee wangapi tena?" kisha akakaa chini na dakika nzima bado mkononi. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Nyuma, baba mmoja alivua miwani akaifuta. Kalamu yangu ya buluu ilikuwa imesimama, na nilijua kabisa kwamba ikiwa kura ingepigwa wakati ule, ingekuwa kura ya mama mwenye mtoto bwenini.

Msemaji wa pili wa upinzani alikuwa binti mdogo wa umbo, ameshika karatasi za daftari zilizokunjwa mara nne, na hakuzikunjua hadi mwisho. Hakusalimia mtu.

"Waheshimiwa majaji, sina jibu kwa msiba. Nina jibu kwa hoja."

Akasema kwamba Kyanguli mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Kwamba mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: mlango wa bweni ufunguke kwa nje, dirisha lisiwe na nondo, pawe na mlango wa dharura. Moto wa Endarasha ulikuja miaka 16 baadaye. "Sasa mniambie," akawageukia, "serikali iliyoshindwa kusimamia mlango na dirisha, ndiyo itakayojenga shule ya kutwa karibu na kila boma la Turkana? Yule msichana ambaye bweni ndilo linalomweka mbali na ndoa ya mapema, mnamrudisha wapi jioni?"

Kijana wa kwanza akasimama, mkono juu. Binti angeweza kumkalisha, muda ulikuwa wake. Akamruhusu.

"Kama mwongozo umeshindwa kwa miaka 16, tuupe mingapi zaidi?"

"Usiupe hata siku moja. Bweni lisilofuata mwongozo lifungwe kesho asubuhi. Lakini hiyo si hoja yenu ya leo. Hoja yenu inafunga hata lile linalofuata."

Nikavuta mshale hadi karatasi ikakaribia kutoboka. (Hapa niseme kitu ambacho hakimo kwenye karatasi ya alama. Nchi hii ilifanya mdahalo wake wa kwanza wa wagombea urais mwaka 2013, wagombea wote wanane jukwaani. Mwaka 2017 na tena 2022, mgombea mmoja mkubwa alibaki akijibu maswali peke yake kwa sababu mwenzake alikataa kuja. Katika mashindano ya watoto, kikosi kisichotokea kinapoteza raundi, basi.)

Upande wa kufuta ulibaki na msemaji wa tatu, na nilimngoja kwa hamu. Alikuwa na njia. Angeweza kusema kwamba serikali hiyohiyo isiyosimamia dirisha haitafunga bweni kesho asubuhi pia, na lile jibu zuri lingeyumba. Sikuwa na haki ya kumfikiria hoja hiyo, kwa hiyo haikuingia kwenye safu yangu. Yeye alirudia majina ya shule zilizoungua, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya huzuni zaidi kuliko ya mwenzake, akagusia malezi ya wazazi kidogo, muda ukaisha.

Tulipomaliza kujaza karatasi tukajikuta wawili kwa mmoja. Mimi na mwanafunzi wa chuo tuliupa upinzani. Jaji wa tatu, mwalimu mstaafu wa historia, mtu wa heshima na mwenye masikio mazuri, aliupa upande wa kufuta.

"Dada, umewapa kwa ajili ya jibu moja," akaniambia. "Mimi nimepima uzito. Upande mmoja kuna maisha ya watoto, upande wa pili kuna umbali wa kutembea."

"Mzee, uzito huo nani aliupima kule mbele? Mimi sikusikia akiupima mtu."

"Mambo mengine hayahitaji kusemwa."

"Ndiyo hayo mimi siwezi kuyaandika."

Hatukuafikiana, na sheria haitaki tuafikiane. Bado sidhani yule mzee alikuwa amepotoka. Aliamua kama mzazi ambaye angeamua kwenye uchaguzi wa kweli, na huenda huyo ndiye mwananchi wa kawaida kuliko mimi na kalamu zangu mbili. Kazi ya kutangaza matokeo iliniangukia mimi. Nilimweleza yule kijana wa kwanza kwamba hotuba yake ndiyo nitakayoikumbuka, na kwamba kikosi chake kilishindwa dakika ile swali lake mwenyewe lilipopata jibu na wao wakaendelea kana kwamba halijapata. Akaniuliza, "Madam Jaji, kwa hiyo nisingeuliza?" Nikamwambia angeuliza, ila angekuwa tayari na swali la pili. Akaandika.

Tukarudi na mwalimu kwa matatu moja, foleni ya Jogoo Road ikatupa muda wa kutosha. Nikamwambia kwamba majaji wake wote wa jamii ni watu wa ofisi na digrii, na jamii yenyewe haimo. Nikampendekezea mama mboga wa kona yetu. Yule mama hushinda akisikiliza wateja wakidai deni si lao, mtoto ndiye aliyechukua nyanya, mume atalipa kesho, na hajawahi kudanganywa na sauti nzuri. Mwalimu akasita.

"Karatasi ya alama iko kwa Kiingereza."

"Si wewe ni mwalimu wa Kiswahili? Itafsiri."

"Haya, kwa raundi za Kiswahili, sawa. Lakini umuulize wewe."

Jana jioni nikapita kununua sukuma, nikamuuliza. Hakuacha kukatakata.

"Wanalipa?"

"Chai, na wali kwa ndengu."

"Jumamosi ndiyo siku yangu ya mauzo, mama. Wakifanya Jumapili baada ya kanisa, naja. Na nitawauliza hao watoto maswali."

"Jaji haruhusiwi kuuliza. Anakaa kimya karibu saa nzima, anaandika."

Kisu kikasimama.

"Saa nzima? Na mtu akisema uongo?"

"Unamngoja mwenzake amjibu."

"Na asipomjibu?"