Jordan 3 na Hewa ya Pwani

Jumamosi, usiku

Sokoni Kongowea, Mombasa, leo robota la mitumba lilikuwa ndio kwanza lafunguliwa. Nikaokota Jordan 3 nyeupe, ile raba ya Nike yenye jina la mchezaji Michael Jordan, ngozi haina mkwaruzo, ile michoro ya ngozi ya ndovu puani na kisiginoni ingali imekolea. Nikabonyeza soli kwa kidole gumba. Ikaingia ndani, unga ukabaki kidoleni.

“Kamera hiyo, kaka,” muuzaji akawahi kusema, yaani mtumba wa daraja la kwanza. Soli hakuitaja.

Kwangu mimi hii ndiyo raba ya kikapu iliyobuniwa vizuri kuliko zote. Jordan ya kwanza, iliyobuniwa na Peter Moore, ya 1985, ina sifa kwa sababu ya rangi zake na ule ugomvi na NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, iliyozilalamikia rangi hizo (wengi siku hizi wanasema kiatu kilicholalamikiwa hasa kilikuwa Air Ship, raba nyingine ya Nike, si Jordan). Ya tatu ilikuja 1988, na sifa zake ni za umbo. Mbunifu wake, Tinker Hatfield, alikuwa amesomea usanifu wa majengo, na inaonekana: kisigino akakitoboa kidirisha ili mfuko wa hewa uonekane, alama ya Nike akaiondoa ubavuni, na yule mtu anayeruka, nembo ya Jordan, akamweka kwenye ulimi. Hakuna kilichowekwa bure.

Shida ni kwamba soli yake ya kati ni povu la poliuretani, na unyevu hulivunja polepole hata kama kiatu hakijawahi kukanyaga chini. Huko kwenye baridi kavu mtu huficha raba sandukuni miaka na miaka. Hapa kwetu, ambako hata chumvi mezani huganda, sanduku ni kaburi tu. Wakusanyaji wenyewe husema kiatu kinachovaliwa hudumu kuliko kilichofungiwa, nami naona sawa. Raba ya mchezo ya kutazamwa tu sijawahi kuielewa.

Ingekuwa Air Force 1, raba nyingine ya Nike, muundo wa Bruce Kilgore wa 1982, nisingewaza mara mbili. Ganda lake ni mpira ulioshonwa, likifumuka fundi wa Mwembe Tayari analimaliza kwa sindano na uzi. Lakini soli ya Jordan 3 Nike haiiuzi peke yake. Dawa ya kawaida ni kununua toleo jipya, ulichinje, uhamishie soli kwenye ngozi ya zamani. Kuharibu kiatu kizima kwa ajili ya kiatu kibovu!

Nimemwambia aniwekee mpaka Jumatatu. Bei hatujakubaliana.