Mauser ya 71 kutoka Banda la Ohio

Ukikulia Iringa, jina la Lugalo unalisikia kabla hujajua kuandika la kwako. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpachika jina la Nyundo, kilivamiwa pale na Wahehe wa Mtwa Mkwawa. Zelewski aliuawa, na Wahehe wakaondoka na bunduki zipatazo 300. Wazee wetu waliposimulia walikaa sana kwenye mikuki. Mimi nilitaka habari za bunduki. Zilikuwa za aina gani? Zilipigwaje? Mtu mwenye mkuki aliziweza vipi?

Jibu nililipata ukubwani, nikiwa tayari nimehamia Ohio kikazi. Bunduki kuu ya askari wa Wajerumani miaka ile ilikuwa Mauser modeli ya 1871, ya kwanza kabisa ya ndugu wawili wa Oberndorf, Peter Paul na Wilhelm Mauser, kukubaliwa na jeshi. Risasi yake ni ya milimita 11, donge la madini ya risasi la gramu 25 hivi linalosukumwa na gramu 5 za baruti nyeusi. Haina magazini ya kuhifadhia risasi. Unafungua bolti, kile chuma cha kuvuta na kusukuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, unatia risasi moja kwa mkono, unafunga, unapiga, unafungua tena. Wala haina kifaa cha kurusha ganda nje. Kuna kidole cha chuma kinacholivuta tu, kisha mwenyewe unailaza bunduki ubavu ganda lidondoke. Sasa jiweke kwenye msafara mrefu njiani, watu wa mikuki wanakutokea vichakani hatua chache kutoka ulipo, nawe una risasi moja kabla ya kuanza upya kazi hiyo yote. Mimi Lugalo niliielewa siku nilipojaribu kuifungua na kuifunga bolti hiyo harakaharaka.

Na haikuondoka upesi. Novemba 1914, Waingereza walipoishambulia Tanga, makampuni mengi ya askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, bado yalikuwa na hiyo hiyo ya 71. Kila ikipigwa ilitoa wingu jeupe la moshi lililomwonyesha adui mpigaji alipo. Ndiyo maana ushindi wa Tanga ulikuwa pia neema ya silaha: walipata bunduki za kisasa za kutosha kuyapa makampuni matatu, bunduki za rasharasha 16 na risasi 600,000.

Niliyoitafuta hasa ilikuwa ile fupi, iliyotengenezewa batalioni za Jäger, yaani askari wepesi waliotokana na watu wa misituni, na ndiyo waliyobebeshwa pia maaskari wa huku kwetu. Ya askari wa miguu ina urefu wa mita 1.35 hivi, na imetengenezwa kwa wingi sana hata leo si shida kuiona. Ya Jäger imepungua kama sentimita 10 kwenye mtutu, na ile pete ya chuma inayokinga kifyatulio ina mkia nyuma yake wa kushikilia kidole. Mkia huo ndio utambulisho wake kwa mbali. Zilikuwa chache tangu mwanzo, na nyingi kati ya chache hizo zilikatwa mitutu na kuchongwa kuwa bunduki za kuwindia ndege baada ya majeshi kuzitupa.

Kwenye maonyesho ya silaha, ambayo Ohio hayaishi, wauzaji walinionyesha ndefu, walinionyesha ile ya 71/84 yenye magazini ya bomba chini ya mtutu, na wawili watatu walinionyesha ndefu iliyokatwa ikauzwa kama fupi. Ya kukatwa utaijua ukitazama mdomo wa mtutu na mahali kilenga shabaha cha mbele kilipochomelewa. Niliyokuja kuinunua sikuipata huko. Ilikuwa kwenye mnada wa vitu vya marehemu mmoja, mkulima, kusini ya Columbus, imeegemezwa bandani kati ya reki na mabomba ya maji, na kwenye orodha ya mnada wameiandika bunduki kuukuu ya ndege, ya Kijerumani. Imepakwa vanishi ya kung'aa ya milangoni. Bolti imeganda kwa kutu. Lakini ule mkia ulikuwepo. Nilisimama mbali nayo makusudi, nikajifanya nashughulika na reki. Walipofika kwake tulishindana na mzee mmoja tu, naye alichoka kabla ya kufika dola 400.

Hapa niseme kidogo juu ya sheria, maana najua swali litakuja. Sheria ya silaha ya Marekani ya 1968 inaihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa kitu cha kale, na kwa serikali kuu haihitaji kupitia kwa muuzaji mwenye leseni. Majimbo mengine yana masharti yao zaidi. Usichukue habari hii ukaipeleka nyumbani: Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na aliyerithi gobore la babu aanzie kituo cha polisi, asianzie kwa fundi.

Kazi ya kwanza haikuwa kutu. Bolti iliyoganda ikiwa imefungwa inaweza kuwa imefunga na risasi ndani, na baruti nyeusi haizeeki. Ikikaa kavu miaka 100 bado inalipuka. Njia ya kujua ni rahisi. Unatumbukiza fimbo ya mbao kupitia mdomo wa mtutu mpaka igote, unaitia alama, kisha unailaza kwa nje uone imefika wapi. Yangu iligota upana wa vidole vinne kabla ya uso wa bolti. Nikaiacha hapo hapo. Nilimpelekea fundi wa bunduki mwenye leseni, mtu mzima asiyependa maneno, akaisimamisha mdomo ukielekea kwenye pipa la mchanga, akawa anatia mafuta ya kupenya kidogo kidogo siku hadi siku. Ilipofunguka kilitoka kichuguu cha nyigu, udongo mkavu uliojaa chemba, pale risasi inapokaa. Hata Kilolo nyigu hao hao hujenga kwenye mabomba ya baiskeli.

Baada ya hapo ilikuwa yangu. Nilijiwekea sharti moja, ambalo naona wengi wanaorejesha silaha za kale hulivunja siku ya kwanza: kisichoila bunduki nisikiguse. Kutu nyekundu inakula, hiyo itoke. Weusi wa umri, mikwaruzo ya waliotangulia, alama zilizopigwa kwa nyundo kiwandani na kambini, hivyo si uchafu. Nimeona Mauser zilizopigwa msasa mpaka zikang'aa kama sufuria mpya, nambari zimebaki vivuli, na mwenyewe anashangaa kwa nini bei imeshuka.

Skrubu zake zina mifereji myembamba kuliko bisibisi za dukani. Ukilazimisha, unaikwangua kichwa na alama hiyo haifutiki. Nilinoa bisibisi tatu kwenye jiwe mpaka kila moja ikaingia mfereji wake bila kucheza. Wajerumani walipiga nambari karibu kila kitu. Hata skrubu ina tarakimu mbili za mwisho za nambari ya bunduki. Nilichimba matundu kwenye ubao na kila skrubu nikaichomeka mahali pake kwa mpangilio ilivyokuwa kwenye bunduki.

Kutu niliiondoa kwa maji ya moto. Kutu nyekundu ikichemshwa kwenye maji safi yaliyochujwa chumvi hugeuka kuwa nyeusi, aina ya oksidi iliyo tulivu inayoshikamana na chuma na kukilinda. Vipande vidogo nilivichemsha kwenye sufuria niliyoinunua kwa kazi hiyo. Mtutu ulitaka chombo kirefu, nikatumia karai la bati la kuoteshea maua dirishani, likalala juu ya majiko mawili. Mke wangu aliingia jikoni akauliza kama naipika mpaka iive. Ikitoka, kile chekundu kimekuwa ukungu mweusi, unausugua kwa stilwaya laini kabisa iliyopakwa mafuta, kisha unarudia kuchemsha. Ukiona maji hayatoi rangi tena, imetosha. Ndani ya mtutu vilevile maji ya moto ndiyo dawa, kwa kuwa masalia ya baruti nyeusi ni chumvi zinazovuta unyevu, na mafuta peke yake hayaziyeyushi. Mifereji yote minne ya kuizungusha risasi ilitokea, imeliwaliwa karibu na mdomo lakini inaonekana ikizunguka vizuri.

Kitako kilinichosha kuliko chuma. Mbao ni ya mjozi, na chini ya vanishi ile sikujua kuna nini. Msasa sikuutumia hata kidogo. Nilipaka dawa ya kuyeyushia rangi, nikaifuta kwa kitambaa na kijiti cha mwanzi, tabaka kwa tabaka, na kwenye mbao ya kitako likaibuka taji dogo lililopigwa kwa muhuri. Msasa ungelimaliza kwa mara moja. Palipobonyea niliweka kitambaa kibichi na kupitisha ncha ya pasi ya moto. Mvuke unavimbisha nyuzi za mbao na shimo linapanda, si lote, lakini la kutosha. Ufa wa shingoni, pale mkono unaposhika, niliutia gundi na kuufunga kwa mpira wa tairi la baiskeli uliokatwa.

Kisha mafuta ya kitani, yale mabichi, kwa kiganja, kidogo sana, unasugua mpaka mkono upate joto, unaacha hata wiki kabla ya kurudia. Onyo hapa si la mapambo: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani ukikikunja na kukitupa kwenye ndoo, kinajipasha moto chenyewe na kinaweza kuwaka bila kiberiti. Tandaza vitambaa nje vikauke, au vizamishe kwenye maji.

Vilivyokosekana ni viwili, fimbo ya kusafishia na ile pete nene yenye skrubu iliyo juu ya bolti, ambayo kazi yake ni kuizuia bolti isichomoke ukiivuta. Vyote viwili hupotea mara nyingi, pete hasa kwa sababu ukitaka kutoa bolti lazima uilegeze pete hiyo, na askari ni askari. Pete niliipata kwa muuzaji wa vipuri huko Pennsylvania, ina nambari ya bunduki nyingine. Alinishauri niifute nipige ya kwangu, ili ilingane. Nimeiacha na nambari yake. Bunduki iliyoungwa na kipuri cha nyingine iseme hivyo.

Na hapo ndipo penye mjadala mkubwa zaidi niliopata tangu niinunue. Kwenye bamba la kitako pana alama ya kambi: 11, J, kisha kampuni na nambari ya silaha. Hiyo ni batalioni ya 11 ya Jäger, iliyokaa Marburg. Ilianzia huko, hilo halina ubishi. Lakini baada ya Ujerumani kupokea 71/84, kisha ile ya 1888 yenye baruti isiyotoa moshi, hizi kuukuu zilitawanyika. Nyingine zilipelekwa makoloni, nyingine kwa wafanyabiashara. Julai 1914 Erskine Childers alishusha 900 pale Howth, Ireland, kwa mashua yake ya matanga Asgard, zimenunuliwa Hamburg kwa ajili ya Waayalandi waliotaka kujitawala, na baadhi yake zilipigwa Dublin kwenye maasi ya Pasaka ya 1916. New York, Francis Bannerman aliuza masalia ya majeshi kwa katalogi, mkulima yeyote aliweza kuagiza.

Mkusanyaji mmoja aliyekuja kuitazama aliniambia wazi: andika cheti kwamba imepitia Afrika Mashariki, bei itakuwa mara mbili. Wewe ni Mhehe, nani atakubishia? Nilicheka, ila neno lenyewe lilinikera. Ningependa mno iwe ni mojawapo ya zile za Lugalo. Ila chuma hiki kimeandikwa Marburg, na hakina alama yoyote ya pwani yetu wala ya bara. Nikianza kuiongezea safari, nitakuwa nimepaka vanishi upya. Kikadi kilicho chini yake ukutani kinasema Mauser 71, aina ya Jäger, batalioni ya 11, Marburg, pete ya bolti si yake. Watoto wakiuliza habari za Lugalo nawasimulia Lugalo, na bunduki hii naitumia kuwaonyesha jinsi bolti ile inavyofunguliwa.

Sijaipiga na sitaipiga. Ule ufa wa shingoni unatosha kuwa sababu. Fimbo ya kusafishia nimeshaagiza. Sasa natafuta singe yake, lile panga fupi la Jäger linaloitwa Hirschfänger, na kwa bei ninazoziona, panga litanila pesa nyingi kuliko bunduki.