Tustroki iliyokuwa ikikata pumzi mlima wa Kitulo

Pikipiki yangu ya tustroki (injini ya mipigo miwili, inayochoma oili pamoja na petroli), cc 125, ilikuwa ikianza kupanda Kitulo kutokea Isyonje inakata pumzi: moshi mzito, inagugumia, gia ya tatu haivuti. Fundi mmoja pale Mwanjelwa alitaka kutanua matundu ya silinda. Nikakataa. Ukipandisha tundu la ekzosi, nguvu inahamia kwenye mizunguko ya kasi ya injini, na mlimani tunataka nguvu injini ikizunguka polepole.

Nikafungua plagi: nyeusi, imelowa oili. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, Kitulo inapita 2,600. Hewa nyepesi, kwa hiyo petroli ileile inakuwa nyingi mno. Kwenye kabureta nikafunga jeti kuu (kitundu kinachopimia petroli) ndogo zaidi, nikishuka saizi moja moja, na klipu ya sindano nikaipandisha pingili moja ili sindano ishuke na kubana petroli. Kila nikibadilisha, napanda kilima kwa mafuta yote, nazima injini papo hapo, nasoma plagi, mpaka ikawa kahawia, dalili kwamba petroli na hewa vinalingana. Ekzosi nayo nikaitoa masizi (yalikuwepo ya kutosha kupaka jiko zima).

Gia ya tatu sasa inavuta, ingawa nguvu ya pwani huku haipatikani. Ukishukia Kyela, kwenye hewa nzito, rudisha jeti kubwa kwanza, la sivyo petroli itakuwa kidogo kuliko hewa na pistoni itajamu kwa joto.